Kutu Ina Jina: Kiswahili na Kemia ya Oksidi

Limezoeleka dai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali, na kwamba sayansi haikiwezi. Dai hili hurudiwa hata na baadhi yetu tunaokisomea. Msimamo wangu ni kwamba lugha hii haikupungukiwa na uwezo. Imepungukiwa na waandishi.

Tutwae mfano wa oksidi. Nani asiyeijua kutu? Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Jamaa yake, magnetiti, ndiyo malighafi ya kichocheo kinachoharakisha muungano wa nitrojeni na haidrojeni kuwa amonia. Kichocheo hicho, kilichobuniwa na Alwin Mittasch na wenzake, kilikiwezesha kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kuzalisha amonia kwa wingi kuanzia mwaka wa 1913. Amonia ndiyo mama wa mbolea ambayo mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia huinunua kila msimu.

Oksidi ya seriamu nayo hutiwa katika kifaa cha kusafishia moshi wa magari. Oksijeni ikizidi, huiweka akiba, ikipungua, huitoa.

Ya ajabu zaidi ni oksidi ya zirkoniamu iliyochanganywa na ya itriamu. Ikiwa baridi, haipitishi umeme. Ikipashwa moto wa mamia ya nyuzi, ioni za oksijeni hupenya ndani yake. Walther Nernst aliitumia kutengenezea taa katika miaka ya 1890. Mwaka wa 1937, Baur na Preis wa Uswisi waliunda kwayo seli ya fueli iliyofanya kazi kwenye nyuzi zipatazo 1000. Seli ya namna hii hutoa umeme kutokana na fueli bila ya kuiwasha moto. Hata hivyo, joto hilo hilo huchakaza vifaa na kuongeza gharama, na ndiyo sababu watafiti wangali wanatafuta oksidi zitakazofanya kazi kwa joto la chini.

Je, msomaji amekwama wapi? Wapo watakaosema kuwa maneno haya ni ya kukopa. Naam, lakini hata Kiingereza kilikopa neno oksijeni kwa Mfaransa Lavoisier, naye aliliunda kwa mizizi ya Kigiriki. Kukopa si umaskini.

TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi nchini Kenya. Lakini kemia katika shule zetu za upili ingali inafundishwa kwa Kiingereza, na istilahi zimelala kamusini kama mbegu ghalani. Mbegu haioti ghalani.

Basi wanafunzi wenzangu, tuketi na wenzetu wa kemia, tuulize, tuandike. Mkulima anayelipia mbolea ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ilikotoka.