Si Kila Maumivu ya Shavu ni Jino

Hapa Masara, mzee akipigwa na maumivu ya shavu mithili ya umeme, husemwa ana jino. Hung'olewa moja, kisha la pili, na maumivu yangalipo. Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, lakini naona kosa huanzia katika jina. Kiumacho ni mshipa wa fahamu wa uso, mara nyingi kwa kubanwa na mshipa wa damu. Dawa ya kabamazepini hutangulia. Ikishindwa, daktari hupasua nyuma ya sikio na kuitenganisha mishipa hiyo. Au, kwa mzee dhaifu, hupitisha sindano shavuni kuudhoofisha ule wa fahamu. Kwa nini basi nyanya wa miaka 75 aambiwe ni uzee tu? Umri pekee haumnyimi mtu upasuaji. Zahanati na imwandikie barua ya rufani kabla ya jino la tatu.