Wauguzi, Msifiche Ujuzi Wenu



Wiki hii tuzungumze juu ya kazi isiyosifiwa sana, nayo ni kazi ya muuguzi anayewalea wanafunzi wodini. Labda binti yako au mkweo ni muuguzi, naye ameombwa kuifanya. Labda amejibu, "Wagonjwa wangu wenyewe wananielemea, niongezewe na watoto wa chuo?" Basi ukimaliza kusoma, mpelekee gazeti hili.

Ukitoka huku kwetu kuingia mjini Mwanza, utafika kwenye kilima cha Bugando. Hospitali ya pale ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 pana chuo kikuu cha afya. Wanafunzi hujifunzia kwa wagonjwa wetu. Kesho baadhi yao watapangiwa zahanati za Magu, Misungwi au Ukerewe. Huko, usiku wa mvua, muuguzi huweza kuwa peke yake na mama mwenye uchungu. Hana wa kumwuliza. Atakuwa na kile tu alichofundishwa mikono yake.

Huko Marekani, tangu mwaka 1965, wako wauguzi wanaosomeshwa hasa kupima wagonjwa na kuwapa dawa. Kwetu kazi hiyo ni ya tabibu. Lakini tabibu akiwa hayupo, mgonjwa humkimbilia muuguzi. Kwa hiyo muuguzi wetu naye ahitaji kulelewa vizuri.

Je, darasa halitoshi? Sikiliza habari za hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa pale walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri. Lakini kwenye chumba cha kuzalia mambo yalibaki kama zamani. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Baada ya hayo vifo vya watoto wa siku ya kwanza vikapungua. Ni wakunga wale wale na hospitali ile ile. Kilichobadilika ni kufundishwa karibu na kitanda, tena na tena.

Basi mlezi afanyeje? Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba mwanafunzi hawi mwalimu kwa kutazama ubao. Hupewa darasa, na mkufunzi huketi nyuma. Wodini ni vivyo hivyo. Kwanza mwonyeshe. Kisha fanyeni pamoja. Mwishowe afanye yeye, nawe usiondoke.

Chukua mfano wa mtoto anayekohoa. Mwambie mwanafunzi ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Nawe hesabu kimya, kisha mlinganishe. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 mpaka kabla hajatimiza miaka 5 akifikisha 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Mwanafunzi akikosea, msahihishe kwa upole, wala si kwa kumwaibisha mbele ya mama wa mtoto. Aliyeaibishwa haulizi tena, na asiyeuliza ni hatari kuliko asiyejua.

Liko jambo moja gumu zaidi. Mwanafunzi huleta kitabu chake cha mazoezi ili utie sahihi kwamba anaweza. Usitie sahihi kwa huruma, wala kwa sababu umechoka. Asiyeweza, mwambie ukweli, umrudishie zoezi. Sahihi ya uongo haimwumizi aliyeitia. Humwumiza mama wa kijijini asiyemjua.

Nasi wenye wagonjwa tunayo sehemu yetu. Mwanafunzi akija kitandani na mlezi wake, akaomba ruhusa kwa adabu, tusimfukuze. Tunayo haki ya kuuliza ni nani anayemsimamia, tena tuna haki ya kukataa. Lakini tukikataa sote, atajifunzia wapi?

Binti yako akiombwa kulea wanafunzi, mtie moyo. Naye amwombe mkuu wake wa wodi ampunguzie zamu au wagonjwa, maana malezi yataka muda. Samaki mkunje angali mbichi. Na muuguzi wa zahanati yenu ya kesho, leo yu mikononi mwa mtu fulani wodini.