Mpangaji Anapopiga Simu
Kibao cha "Chumba kinapangishwa" kikishabandikwa getini Mbagala au Tabata, simu haipumziki, na wenye nyumba wengi huchoka mapema, wakaanza kujibu kwa mkato: "Njoo uone tu." Huyo anayeambiwa aje atapanda daladala mbili, atamlipa dalali hela ya kumzungusha, ndipo asikie kwamba kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo na umeme wa LUKU ni wa kuchangia na wapangaji wengine wanne. Kwa nini asielezwe kwenye simu? Taja kodi, miezi unayotaka, LUKU, maji, choo ni cha ndani au cha nje. Dakika mbili zinatosha. Chumba kikishalipiwa, mpigie dalali siku hiyohiyo aache kuleta watu, na kibao kishuke. Linaloniuma zaidi ni mwenye nyumba kuuliza "kabila gani?" na "una watoto wangapi?" kabla salamu haijaisha. Mama mwenye watoto watatu naye anatafuta pa kulala. Muulize kazi yake, muulize atalipa lini, mwombe namba ya mwenye nyumba wa alikotoka. Hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama kodi yako italipwa.