KAMPUNI CHANGA NAZO ZIONYESHE NGAZI ZAO ZA KAZI



Hapa Kitale na kule Bungoma kampuni changa zinafunguliwa: za kununua mahindi, za kukusanya maziwa, za kupeleka mizigo kwa pikipiki na simu. Ukiuliza, "Nani mkubwa wa nani, na kila ngazi ina watu wangapi?" wajibiwa kuwa hiyo ni siri ya kampuni. Sisi twasema si siri. Ibandikwe ukutani, hata mtu wa nje aione.

Kwanza, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mwajiri atakitambua Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuingia Chamani. Nusu ya wangapi? Mwenye kuficha hesabu ya watu wake ametufungia mlango kabla hatujabisha. Tena uko ujanja: karani aitwa "meneja", naye hana mtu hata mmoja chini yake, hawezi kuajiri wala kufukuza. Jina kubwa, mshahara ule ule, na Chama chaambiwa hakimhusu. Ngazi ikiwa hadharani, uongo huo utaonekana mchana kweupe.

Pili, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yataja muundo wa ofisi za umma, madaraka ya maofisa na viwango vya mishahara kwa kila ngazi kuwa habari za kutolewa kwa raia. Ikiwa Serikali yatakiwa kujionyesha hivyo, kampuni ya watu ishirini yaficha nini?

Wenyewe hujibu: "Washindani watatunyang'anya mafundi." Fundi anayelipwa vizuri hanyang'anywi upesi. Wengine husema ngazi zao hubadilika kila mwezi. Basi zibandikwe upya kila mwezi. Karatasi si ghali. Jambo moja twakubali: nyumba ya mtu, ugonjwa wake na namba yake ya simu si vya kubandikwa. Twataka vyeo na kazi, si mambo ya ndani ya watu.

Sisi wa reli twajua maana yake. Kutoka Webuye hadi Bungoma njia ni moja. Dereva asiyejua nani mwenye kumpa ruhusa ataua watu. Twajua pia kuwa wakubwa hupita. Mwaka 2006 Rift Valley Railways ilipewa reli kwa miaka 25. Ilianza chini ya Sheltam ya Afrika Kusini, baadaye ikashikwa na Citadel ya Misri, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Mabwana wakibadilika, kilichoandikwa hadharani ndicho mfanya kazi anachoweza kukishika.

Na Chama kianze nyumbani. Majina ya wenye vyeo, kazi zao na posho zao yabandikwe katika kila tawi. Mficha uchi hazai.

Mwanachama, uliza swali hilo kazini kwako, wala usiulize peke yako. Uliza pamoja na wenzako, mwandike jibu, mlilete kwenye mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.