Mimba changa, malaria na tahadhari isiyolinda

Mwanamke mwenye mimba changa akiugua malaria, mume, mama mkwe na hata muuza duka la dawa huuliza jambo lile lile: dawa hii haitamdhuru mtoto? Ni swali la haki, ila limeishia njiani. Lililobaki ni kuuliza malaria yenyewe itamfanya nini mtoto huyo ikiachwa, au ikitibiwa kwa dawa hafifu. Vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu vina tabia mbaya kwa mjamzito: hujibanza kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo tone la damu la kidoleni si lazima livionyeshe, na katika maeneo yenye malaria nyingi mama anaweza kuwa navyo bila homa yoyote. Huku nje anaonekana mzima, huko ndani damu inapungua na mtoto anakosa lishe. Matokeo yake wakunga wanayajua: mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, mama kuishiwa damu wakati wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2022, katika nchi 33 za Afrika zenye maambukizi ya wastani hadi makubwa, mimba milioni 12.7 kati ya milioni 35.4 zilikumbwa na malaria. Kwa hiyo mizani ya usalama wa dawa haiwezi kuwa na upande mmoja. Dawa hailinganishwi na afya kamili. Inalinganishwa na ugonjwa, na pia na dawa nyingine ambayo mama angepewa badala yake.

Tanzania na Kenya zilianza kutumia dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo Tanzania huiita ALu na Kenya AL, kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Wote waliruhusiwa isipokuwa makundi machache, na mojawapo lilikuwa wanawake walio katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Hao waliambiwa wabaki na kwinini. Sababu haikuwa ya kupuuzwa. Maabara zilikuwa zimeonyesha kuwa dawa za jamii ya artemisinini, ambamo artemetha imo, huua viinitete vya panya na sungura, kwa kuharibu chembe changa za damu zinazoanza kujengeka siku za mwanzo kabisa. Dunia nayo ilikuwa bado inakumbuka thalidomaidi, kidonge kilichouzwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuacha maelfu ya watoto wakiwa na mikono na miguu isiyokamilika. Baada ya msiba ule ikawa desturi kumwondoa mjamzito katika majaribio ya dawa. Ila panya si binadamu. Chembe hizo kwa panya hujengeka kwa pamoja ndani ya siku chache sana, hivyo dozi moja inaweza kuzikuta karibu zote. Kwa binadamu kipindi hicho kinaendelea kwa wiki kadhaa, ilhali dozi ya mseto huisha kwa siku tatu.

Tofauti hiyo isingetosha kumwaminisha mtu kama kusingekuwa na ushahidi wa wanawake wenyewe. Ushahidi huo ulipatikana kwa njia isiyopangwa. Wanawake wengi hawajui kuwa wana mimba katika wiki za kwanza. Walipopata homa walimeza mseto kama watu wengine. Watafiti waliwafuatilia. Huko Rufiji, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahesabu wanawake 172 waliotumia ALu katika miezi mitatu ya kwanza, na haukuona ongezeko la mimba kuharibika kwa sababu ya dawa hiyo. Iliyohusishwa na matokeo mabaya ilikuwa kwinini. Kisha mwishoni mwa 2022 jarida la Lancet likachapisha uchambuzi uliokusanya takwimu za mimba 34,178 kutoka tafiti mbalimbali. Kati ya waliotibiwa kwa artemetha na lumefantrini mapema, asilimia 4.8 walipata mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni au mtoto mwenye kasoro kubwa ya maumbile. Kwa waliomeza kwinini, ilikuwa asilimia 9.2. Novemba mwaka huo huo WHO ikabadili mwongozo wake na kuifanya artemetha-lumefantrini kuwa dawa inayopendekezwa hata kwa mimba changa. Toka 2006 hadi 2022 ni miaka 16.

Mwenye shaka atasema, na atasema kweli, kwamba hizi ni tafiti za kutazama yaliyotokea, si majaribio ya kuwagawa wanawake kwa bahati nasibu. Huenda waliopewa kwinini ndio waliokuwa hoi zaidi. Tena, katika mimba hizo zote 34,178, zilizothibitika kukutana na dawa za artemisinini mapema zilikuwa 737 tu, idadi isiyotosha kugundua kasoro inayompata mtoto mmoja kati ya elfu kadhaa. Hoja hii naikubali, ila inakata kuwili. Kwinini ni dawa ya gome la mti, imetumika kwa karne nyingi kabla hata ya kuwapo mamlaka za kudhibiti dawa. Haikuwahi kupimwa kwa wajawazito kwa ukali huo tunaoudai kwa mseto. Tuliiamini kwa sababu ya uzee wake. Nayo ina gharama: huvuma masikioni, huchefua, hushusha sukari ya mjamzito, na humtaka ameze vidonge viwili kila baada ya saa nane kwa siku saba. Hivyo ni vidonge 42, kwa mtu ambaye tayari anatapika kwa ajili ya mimba. Asiyemaliza dozi anabaki na vimelea, na vimelea ndivyo vinavyomfikia mtoto.

Wapo wanaohofia kwamba habari hizi zikienea kila mjamzito atakimbilia duka la dawa. Hofu hii nayo ina msingi, lakini dawa yake ni kueleza kwa usahihi, si kuficha. Kilichoruhusiwa ni artemetha na lumefantrini, kwa malaria isiyo kali iliyothibitishwa kwa kipimo. Primakwini haimfai mjamzito, doksisaiklini haimfai. SP, ile ya kinga inayotolewa kliniki, huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza na hurudiwa kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi. Haipewi mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, na haiendi pamoja na foliki asidi ya miligramu 5, kwa kuwa kiwango hicho kinapunguza nguvu yake, wakati kile cha miligramu 0.4 hakina tatizo. Mambo ya namna hii yanahitaji nesi mwenye muda wa kuzungumza na muuza dawa anayeuliza siku za mwanamke kabla ya kupokea hela. Mwanamke aliyeambiwa tu kwamba "dawa za malaria zinatoa mimba" hatauliza chochote. Atakaa na homa yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni miaka ijayo. Usugu wa vimelea kwa artemisinini umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania, na dawa mpya zinatengenezwa kuchukua nafasi ya mseto siku ukizidiwa. Je, dawa hizo nazo zitafika madukani na onyo kwamba hazijapimwa kwa wajawazito, kisha tusubiri wanawake wasiojua kuwa wana mimba wazimeze kwa bahati mbaya ndipo tuanze kuhesabu? Mamlaka za dawa za nchi zetu zina uwezo wa kudai, kama sharti la usajili, mpango wa namna na wakati wa kuzipima kwa wajawazito wenye hiari, na daftari la kuwafuatilia waliozitumia mapema pamoja na watoto wao. Madaftari ya aina hiyo yanawezekana kabisa: kliniki za wajawazito tayari huandika tarehe, uzito, damu na mahali mama alipojifungulia. Kinachohitajika ni safu moja zaidi, ya dawa alizomeza kabla ya kuja, na mtu aliyepewa kazi ya kuisoma.