Ripoti Mbili za Tovuti na Lesi ya Mfungo Mosi



Kila Shaaban ikiingia, sisi mafundi wa Mponde huwa na uamuzi mmoja mgumu: tununue lesi na satini kiasi gani kwa harusi za Mfungo Mosi. Ni fedha ya kikundi, na nyingine ni ya mkopo. Wateja wetu wengi wako visiwani na sisi tuko juu milimani Usambara. Shela ikishakamilika inateremka Soni, Mombo, inakwenda Dar es Salaam, ndipo ipande boti. Bibi harusi wa Unguja hatumwoni akisimama mlangoni akishika kitambaa. Tunamwona kwenye ripoti za tovuti, na ripoti zenyewe hazisemi kitu kimoja.

Ziko mbili, zote za Google. Moja inaitwa Search Console, nyingine Analytics. Tuseme kwa mfano tu, mwezi mmoja ya kwanza inasema watu wametafuta na kubofya mara 100, ya pili inasema zimeingia ziara 70 kutoka kwenye utafutaji. Wenzetu wa hina, keki na mapambo wakiona hivi husema moja inadanganya. Wengine, na hao ndio wanaotutia wasiwasi, huchukua ile kubwa na kwenda nayo kwa wateja.

Sisi tunasema hakuna iliyodanganya. Hapa Mponde tuna kiwanda cha chai, kile kilichofungwa mwaka 2013 na kukaa kimya kwa miaka. Mama anayechuma majani anayapima yakiwa mabichi. Kiwandani wanapima chai iliyokauka, na inahitajika kama kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Mizani mbili, namba mbili, na hakuna aliyeiba. Umepima vitu viwili tofauti.

Search Console inahesabu pale kwenye ukurasa wa Google: dada katafuta "shela ya nikaha", jina letu likatokea, akabofya. Kazi yake imeishia hapo. Analytics inaanza kuhesabu ukurasa wetu ukishafunguka kwenye simu yake. Hapo katikati mengi hutokea. Bando limekwisha. Mtandao umelegea. Picha ni nzito, kachoka kusubiri, karudi. Au simu yake imefunga vile vifaa vya kufuatilia watu. Kwenye ripoti ya kwanza huyo yupo, kwenye ya pili hayupo.

Mambo huenda kinyume pia. Akibofya kiungo chetu, akarudi kwenye matokeo yale yale na kukibofya tena, Search Console inahesabu mara moja tu. Analytics yenyewe, mtu akikaa kimya zaidi ya nusu saa kisha akarejea, inamwandikia ziara mpya. Tena Analytics kwenye utafutaji inaweka na waliotumia Bing na wengineo, si Google peke yake.

Halafu kuna suala la siku, na hili Waislamu tulielewe haraka kuliko wengine. Kwetu usiku hutangulia mchana. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, ni usiku wa Ijumaa tayari, wakati kalenda ya ukutani bado inasema Alhamisi. Search Console nayo ina siku yake: inafuata saa za California. Siku yake mpya inaanza wakati sisi ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira ya kule. Analytics inafuata saa utakayoipangia wewe. Kwa hiyo dada aliyetutafuta alfajiri ya Jumamosi baada ya sala ataandikwa Ijumaa kwenye moja na Jumamosi kwenye nyingine. Ukilinganisha siku kwa siku utaumwa kichwa bure. Linganisha mwezi, au angalau wiki kadhaa.

Na mwezi wenyewe uwe upi? Hapa tunatofautiana na vijana wengi wanaotengeneza tovuti. Wao hulinganisha Aprili na Aprili iliyopita. Aprili 2024 ilianza tukiwa ndani ya Ramadhani, Idd ikaangukia tarehe 10. Mwaka 2025 Ramadhani iliisha mwishoni mwa Machi, Aprili karibu yote ikawa Mfungo Mosi. Unalinganisha siku za funga na siku za harusi, halafu unajisifu kwamba biashara imekua! Mwezi wetu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo linganisha Shaaban na Shaaban. Lakini ujue Search Console haitunzi zaidi ya miezi 16. Ukitaka kuona Ramadhani tatu, kila baada ya Idd pakua ripoti yako uiweke.

Kuna tofauti moja ambayo hatuilalamikii kabisa. Ukijumlisha orodha ya maneno waliyotafuta watu, haifiki jumla iliyoandikwa juu. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana Google inayaficha, ili mtafutaji asije akajulikana. Sisi tunaona ni sitara nzuri. Dada anayetafuta gauni la ndoa ya pili baada ya talaka hana haja ya kusomwa na fundi aliyeko Mponde.

Na wale wanaotumiwa kiungo na shoga zao kwa WhatsApp? Hao mara nyingi Analytics huwaandika kama waliokuja moja kwa moja, na Search Console haiwajui kabisa. Kwa biashara ya harusi hao si wachache, maana shela husafiri kwa mdomo.

Sasa tuje kwenye kinachotuuma. Search Console ina namba nyingine kubwa kuliko zote: idadi ya mara jina lako lilipotokea kwenye matokeo. Inahesabiwa hata kama mtu hakuteremsha kidole mpaka akakufikia. Ni kama kuhesabu abiria wote wa daladala waliopita mbele ya duka lako Darajani. Hiyo ndiyo namba ambayo baadhi ya wanaouza matangazo kwa mafundi na wapambaji huionyesha wakisema, "Hawa ndio wanaotutembelea." Mwanamke anatoa akiba yake ya mwaka kulipia macho ambayo hayakumwona.

Sura ya Al-Mutaffifiin inawaonya wanaotaka kipimo kamili wakipokea na kupunguza wakiwapimia wengine. Mtu anayetaja namba kubwa akidai malipo, na namba ndogo akiulizwa kwa nini wateja hawaji, sisi hatuoni tofauti yake na muuza mchele mwenye vibaba viwili. Kama unatangaza kwenye ukurasa wa mtu, muulize maneno matatu tu: walioona, waliobofya, au walioingia? Akishindwa kujibu, hela ibaki mfukoni. Na sisi wenye kurasa tuseme kabla hatujaulizwa.

Wengine watasema basi tuachane na ripoti hizi. Hapana. Zina faida kubwa ukiacha kuzigombanisha. Kila moja ilinganishe na nafsi yake: Search Console ya mwaka huu na ya mwaka jana, Analytics vivyo hivyo. Zote mbili zikipanda pamoja, kuna kitu. Mibofyo ikipanda na ziara zikabaki palepale, kwanza tazama ukurasa wako kama unafunguka kwenye simu ya bei ndogo.

Kwetu ukurasa wa shela za lesi ndivyo ulivyokuwa. Tumepunguza uzito wa picha, tumetoa ile video. Lesi yenyewe tumenunua kwa kufuata daftari la oda, ya wale walioshatoa advansi, na juu yake mita chache za akiba. Mkopo tumechukua nusu ya ule tuliopewa nafasi ya kuchukua.