Gari lavishwa plastiki, ngozi ya Nzega yaondoka mbichi

UKISIMAMA nusu saa tu mjini Nzega, mahali ambapo barabara ya Tabora inakutana na ile itokayo Singida kwenda Tinde, utaona karibu kila aina ya gari linalotembea nchini. Kuna mabasi ya Mwanza, malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, Noah za abiria, bodaboda, na mara moja moja Toyota Altezza au Subaru Impreza ya kijana anayelipenda gari lake kuliko nguo zake.

Vyombo vyote hivyo vina jambo moja linalofanana. Ndani huchakaa. Siti huchanika, sponji hubonyea, kitambaa cha dari hulegea na dashibodi hupasuka kwa jua. Mwenye gari akitaka kulirudishia sura, humtafuta fundi siti mwenye cherehani nzito.

Biashara hiyo huonekana ndogo, lakini inabeba swali kubwa kwa mkoa wa wafugaji kama Tabora. Kwa nini gari linalotengenezwa upya katikati ya ng'ombe wengi kiasi hiki livishwe ngozi bandia iliyotoka nje ya nchi, huku ngozi halisi ikiondoka wilayani ikiwa mbichi?

Gari la mbio lenye siti za plastiki

Kwanza tuondoe dhana moja. Vijana wengi huamini kuwa gari la heshima ni lazima liwe na siti za ngozi halisi. Historia ya magari ya mbio Afrika Mashariki haisemi hivyo.

Mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mashindano ya Safari Rally yalichukuliwa na Datsun 240Z. Ushindi wa mwaka 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda aliyeshinda mashindano hayo mara tano. Gari hilo leo linatafutwa na wakusanyaji wa magari ya zamani duniani kote. Pamoja na sifa zote hizo, 240Z lililouzwa dukani lilitoka kiwandani likiwa na siti za ngozi bandia.

Wanaotengeneza magari hayo leo wana kanuni moja inayomfaa pia mfanyabiashara wa Nzega. Gari ambalo ndani yake pamebaki kama lilivyotoka kiwandani, au pamerudishwa kwa mfano uleule, hupata mnunuzi kwa urahisi kuliko lile lililojazwa rangi na mapambo ya mwenyewe. Mapambo hufuata ladha ya mtu mmoja, wakati usafi na uimara hupendwa na kila mnunuzi.

Kwa maana hiyo, mwenye gari la biashara anayefikiri kushona upya siti ajiulize kama anaongeza thamani au anajifurahisha. Yote mawili ni halali, lakini pesa ya kujifurahisha isitoke kwenye mtaji.

Hesabu ya fundi

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Gari dogo la watu watano linahitaji takriban mita tisa za ngozi bandia. Tukisema mita moja ni Sh 12,000, hiyo ni Sh 108,000. Sponji, uzi wa nailoni na gundi tuweke Sh 40,000. Ufundi tuweke Sh 100,000. Jumla ni Sh 248,000.

Katika fedha hizo, zinazobaki Nzega ni zile Sh 100,000 za fundi, pamoja na faida kidogo ya mwenye duka la vifaa. Sh 148,000, yaani karibu asilimia 60, zinafuata njia ya kwenda kwa muuza jumla, na kutoka hapo kwenda kwenye viwanda vya nje.

Msomaji anayejua historia ya Tabora ataikumbuka njia hiyo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na misafara ikarudi na merikani na shanga. Mali ghafi ilikwenda pwani, bidhaa iliyokamilika ikarudi bara. Miaka zaidi ya 100 baadaye, lori limechukua nafasi ya bega la mpagazi, lakini mzigo wa kwenda na wa kurudi haujabadilika sana.

Ng'ombe wapo, ngozi hazifai

Tanzania ni miongoni mwa nchi za mbele Afrika kwa wingi wa ng'ombe, ikiwa na zaidi ya milioni 30. Kwa idadi hiyo mtu angetegemea fundi siti apate ngozi halisi kwa urahisi. Tatizo lipo kwenye ubora, na siti ya gari ndiyo mtihani mgumu kuliko yote.

Siti huhitaji vipande vikubwa visivyo na kovu wala tundu. Gari dogo hutumia ngozi kati ya tatu na tano za ng'ombe wakubwa wa kizungu. Ng'ombe wetu wa asili ana ngozi ndogo, tena yenye nundu inayoharibu sehemu ya katikati, kwa hiyo idadi hupanda. Baada ya hapo ngozi lazima isindikwe kwa kemikali, mara nyingi chumvi za kromiamu, kisha ipakwe rangi inayostahimili jua na msuguano. Kazi hiyo haiwezi kufanyika uani.

Kabla hata ya kufika kiwandani, ngozi nyingi huwa zimeshaharibika. Chapa ya moto huwekwa ubavuni au kwenye paja, mahali ambapo ngozi ni bora zaidi. Kupe huacha alama. Fimbo na miiba huongeza makovu. Mchunaji mwenye haraka hutoboa kwa kisu. Mwisho, ngozi hutandazwa chini juani, upande mmoja ukakauka kupita kiasi na mwingine ukaoza.

Ushuru uliokusudia kulinda

Serikali haikukaa kimya. Kwa miaka mingi imetoza ushuru ngozi ghafi inayouzwa nje, ili ngozi zibaki na kusindikwa nchini. Mwaka 2012 ushuru huo ulipandishwa kutoka asilimia 40 hadi 90, na baadaye ukashushwa hadi asilimia 80. Aidha, ipo Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008 inayosimamia ubora na biashara yenyewe.

Nia ilikuwa njema, lakini ushuru hufanya kazi kama kuna kiwanda cha kupokea kile kilichozuiwa kutoka. Viwanda vya ngozi vilivyojengwa enzi za mashirika ya umma, kikiwamo kile cha Mwanza, vilibinafsishwa na uzalishaji wake ukayumba. Soko la nje lilipobanwa na wanunuzi wa ndani wakiwa wachache, bei ilishuka, na aliyeumia kwanza ni mfugaji. Wakati huohuo bei ya ngozi duniani nayo ilianguka, kwa sababu viwanda vya viatu na samani vilihamia kwenye ngozi bandia.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Pale mchuuzi anaponunua ngozi zote kwa bei moja, iliyotoboka na isiyotoboka, mfugaji hana sababu ya kuhangaika. Anayeweka chapa vizuri, anayeogesha mifugo na anayechuna kwa uangalifu analipwa sawa na asiyejali. Baada ya muda wote wanaacha kujali. Hakuna ushuru wa mpakani unaoweza kutibu bei isiyotofautisha madaraja.

Kidogo kinachowezekana

Je, Nzega isubiri hadi kiwanda kikubwa kijengwe? Si lazima. Inachopaswa kufanya ni kuanza na kile ambacho ngozi yake inaweza.

Siti nzima inataka kipande kikubwa safi. Lakini kifuniko cha usukani ni ukanda mwembamba, na kikoba cha gea ni kipande kidogo cha kushona mara moja. Fundi anaweza kukata vipande hivyo akikwepa tundu na kovu, ngozi iliyokataliwa kwa siti ikampa kazi. Kazi hizo ndizo ambazo mwenye Altezza hulipia bila manung'uniko, kwa sababu mkono wake unazishika kila siku.

Usindikaji wa vipande hivyo unaweza kutumia magome ya miti badala ya kromiamu. Dawa ya magome ya miwati hutengenezwa hapa nchini, Njombe, na ngozi ya namna hiyo huwa ngumu kiasi kinachofaa mikanda, viatu na mikoba. Ila haipendi joto kali la ndani ya gari lililofungwa vioo, kwa hiyo kwenye gari isivuke kazi za vipande vidogo. Siti ya bodaboda inayonyeshewa mvua nayo iachiwe ngozi bandia.

Utaalamu upo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ndiyo yenye jukumu la kulea viwanda vidogo. Moshi, kiwanda cha ngozi cha Karanga ni ubia wa mfuko wa pensheni wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Vikundi vya mafundi na wafugaji vinaweza kubisha hodi.

Mfugaji afanye nini

Weka chapa mguuni chini au shavuni, au tumia hereni za masikioni. Ogesha mifugo kwa ratiba. Machinjioni, mnyama aninginizwe na achunwe kwa kisu chenye ncha ya mviringo. Ngozi ioshwe, ipakwe chumvi kiasi cha theluthi ya uzito wake, au iwambwe kwenye fremu kivulini. Chumvi haitoki mbali. Ile ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya biashara ukanda huu hata kabla ya reli.

La muhimu zaidi, ngozi ziuzwe kwa kikundi na kwa madaraja. Mfugaji mmoja mwenye ngozi moja hawezi kumlazimisha mchuuzi atofautishe bei. Ngozi 50 zilizopangwa kwa daraja zinaweza.

Mwenye gari ajihadhari

Kabla ya kuvisha siti, angalia ubavu wake. Magari mengi yaliyotoka Japani yana mfuko wa hewa wa usalama ndani ya siti yenyewe, na huwa na alama ya SRS. Ukishona kava juu yake, siku ya ajali mfuko unaweza kushindwa kufunguka. Mikanda isifichwe. Kuongeza idadi ya siti katika gari la abiria ni suala la leseni ya LATRA, halimalizwi na fundi peke yake.

Nzega haitavisha Altezza ngozi yake kesho. Lakini usukani unaweza kuanza sasa, na bei kwa daraja inaweza kuanza mnada ujao. Halmashauri, vikundi vya wafugaji na wachuuzi wakikubaliana katika hilo moja, ngozi itaacha kuwa taka ya machinjio na itakuwa zao linalolipa.